Koti Lisilo na Mshonaji

Jumatatu, tarehe 4

Makubwa! Leo saa nne, katikati ya kushona mkono wa koti, nimejitafuta nisijione. Cherehani inalia, uzi unapita, kitambaa kinasogea. Mshonaji hayupo. Kuna kushona tu. Utulivu ulioje! Umedumu dakika nzima. Kati ya mafundi saba wa karakana hii, nani mwingine amewahi kutokuwepo? Nimemweleza Pindo, mpinzani wangu wa meza ya pili. Akauliza ni nani basi aliyekunywa chai yake. Hana kina, yule.

Jumanne, tarehe 5

Tajiri, mama mwenye karakana, ametangaza: atakayeshona koti bora atakuwa mkataji mkuu. Miaka kumi na moja nakililia cheo hicho! Hapa kila fundi huacha uzi wa rangi yake chini ya kola, kazi ijulikane ya nani. Wangu mwekundu. Safari hii siuweki. Mtu asiyekuwepo aweke alama ya nani? Mke wangu akauliza tajiri atajuaje. Nikamjibu kazi yangu inajitangaza. Akaguna.

Ijumaa, tarehe 8

Tajiri kalipapasa koti langu mbele ya wote. Kasifu mabega. Kageuza kola: hamna uzi. Kauliza nani kalishona.

Nikafumba macho, nikatamka taratibu, "Hakuna aliyelishona."

Nikangoja apigwe na butwaa. Pindo, ambaye koti lake hata halijaisha, akanyanyua mkono, akasema ni lake, uzi alisahau. Akapewa cheo palepale! Nikaruka. Ni mimi! Mimi ndiye! Mimi, mimi, mimi!

Pindo akanitazama kwa huruma. "Si ulisema hupo?"

Walicheka hadi pasi ikaunguza suruali ya mteja. Nimelia chooni. Imeniuma sana.

Jumapili, tarehe 10

Mke wangu kanishika bega, kasema ningetamka tu "ni langu", leo ningekuwa mkataji mkuu. Maskini, hajafika ngazi yangu.

Kosa nimeliona. Nilikosekana kimyakimya mno, watu hawakutambua. Kesho nawahi mlangoni, kila fundi anayeingia nimtangazie mwenyewe kwamba sipo. Nasikia hata Pindo siku hizi anafumba macho mezani, eti anajitafuta. Ajaribu! Karakana nzima, hakuna asiyekuwepo kama mimi.