Ndoo ya Asali Iliyonitangulia Ukweni

Leo nimepatikana, jamaa zangu wa Singida. Nawaandikia kutoka intaneti kafe, Tanga mjini. Jirani yangu wa kompyuta amehama kiti kwa sababu ya harufu ya viatu vyangu. Nitaeleza.

Mnajua nimekuja kumposea mpwa wangu Shabani. Mshenga ni mimi, na suti yangu ya mtumba na ndoo ya asali ya Itigi. Nikiboronga, kijana hana mke. Miadi ilikuwa saa tisa, kijijini Tongoni.

Tulifika mapema, Shabani akanipeleka kwenye magofu. Msikiti wa mawe, wa mamia ya miaka. Nguzo za makaburi zina mashimo palipopachikwa mabakuli kutoka China. China, jamani, kabla ya lori wala reli! Nilivua kofia bila kuambiwa.

Adhuhuri Shabani akaenda kuswali. "Mjomba, usiende mbali. Maji yatajaa."

"Nimekulia kando ya Kindai, mwanangu. Maji nayajua."

(Niliyajua ya Kindai. Ziwa letu ukiliacha jioni, asubuhi unalikuta palepale.)

Bahari ilikuwa imerudi nyuma, imeacha mchanga mtupu. Nikavua viatu, nikaviweka juu ya ndoo pale mchangani, nikaifuata bahari. Nikaona shimo la pweza. Nikaona kiti cha pweza, chenye umbo la nyota, chekundu. Nikaonja maji: chumvi kama kwetu, ila haya hayana ng'ambo. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Posa niliisahau kabisa.

Nilipogeuka, pale nilipoacha ndoo palikuwa bahari. Nilirudi maji yakinifika kiunoni, na suti yangu.

Saa tisa tukabisha hodi. Mikono mitupu, miguu mitupu, suruali inachuruzika. Shabani alikuwa anatazama pembeni kama hanijui. Bibi wa binti alikuwa barazani na jamaa zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Karibu, mshenga."

"Bibi, zawadi yetu imepata ajali ya basi..." (Mungu anisamehe.)

Bibi akasogeza tenga lake la pweza. Nyuma yake ndoo, imeandikwa ITIGI. Ndani ya tenga, viatu vyangu, pamoja na pweza wawili.

"Nimeviokota maji yakija," akasema. "Nikajisemea, mwenyewe ama kafa, ama mtu wa bara."

Baraza zima likacheka. Shabani naye akacheka, msaliti.

Posa wameikubali. Ila bibi katoa sharti moja: siku ya kuleta mahari, aje mtu mwingine.