Waapaji Kumi na Mmoja wa Westminster

Kisa hiki ni kweli kuanzia juu hadi chini. Naapa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto nao uko tayari ukihitajika. Asiyeamini aje anionyeshe nilipodanganya, nitambadilishia hapo hapo.

Zamani hizo, wanaume wa London walipokuwa wanaanza kuvaa vichwani nywele za watu wengine, alikuwapo mtu akiitwa Josias Pennifold. Kazi hakuwa nayo, ila chakula cha mchana hakikuwahi kumpita. Asubuhi moja alisimama ndani ya Ukumbi wa Westminster akitafuna pai ya samaki mkunga, macho yakizunguka. Kona hii majaji wanakata mashauri, kona ile akina mama wanauza glavu, na katikati wanarandaranda wanaume waliochakaa, kila mmoja na bua kavu limechungulia kiatuni. Bua hilo ndilo lilikuwa tangazo la biashara: huyu anaapa kwa malipo.

Maana sheria ya Waingereza ilikuwa na kitu walichokiita kuweka sheria rehani. Jina limekufa siku nyingi na sijasikia aliyelilia. Mtu akikushtaki kwamba umezuia mali aliyokuachia umtunzie, na hati hana, wewe unahitaji shahidi wa nini? Unaapa kwenye Kitabu kwamba huna kitu chake, kisha unaleta watu kumi na mmoja wanaoapa kwamba wanakuamini. Kesi imekwisha, na aliyekushtaki anatozwa faini kwa kukusumbua. Waheshimiwa waliovaa joho waliitazama sheria hiyo karne na karne, wakaona inafaa, wakaenda kula.

Josias alimsogelea mzee mmoja mwenye bua, baharia wa zamani aitwaye Ambrose Cobbold.

"Mzee, biashara inaendaje?"

"Haiendi, mwanangu. Wateja wanataka kumi na mmoja, na sisi kila mtu na lake. Jana tulifika tisa. Wa kumi alikuwa amelewa, na wa kumi na moja kumbe ni shemeji yake mdai."

"Na mnalipwaje?"

"Bia na pai. Pai yenyewe ukiwahi."

Josias akamaliza pai yake taratibu. Mji mzima umejaa matajiri wanaotamani kubaki na mali za watu, na hakuna hata mmoja aliyefikiria kuwauzia kiapo kikiwa kimekamilika.

Wiki hiyo alikusanya kumi na mmoja, Cobbold akiwa kiongozi wao. Akawaogesha, jambo lililozua malalamiko. Akawanunulia makoti ya mtumba na mawigi ya singa za mbuzi, na yale mabua akayatupa mtaroni. Kisha akawafundisha kusimama kama watu wenye nyumba zao.

"Na jehanamu je, bosi?" aliuliza Cobbold.

"Jehanamu ya nini? Sikiliza maneno yenyewe. Huapi kwamba ni kweli. Unaapa kwamba unaamini anasema kweli. Nani atakuja kukagua imani yako?"

"Mimi tangu nishuke melini siamini kitu."

"Basi una nafasi kubwa moyoni. Tutaijaza."

Mteja wa kwanza alikuwa Nathaniel Thripp, sonara wa mtaa wa Cheapside, mtu wa kwenda kanisani mara mbili kila Jumapili na kukohoa wakati wa sadaka. Nahodha mmoja alikuwa amemwachia birika la fedha alitunze, naye Thripp alikuwa ameanza kulipenda. Josias akampelekea kumi na mmoja wake. Wakaapa vizuri hadi karani mmoja akafuta machozi. Nahodha akalipa faini na kurudi baharini, kwenye usalama.

Baada ya hapo wateja wakapanga foleni. Walilipa kwa vijiko, vikombe na vinara vya fedha, vingi vikiwa vya watu wengine. Waapaji wakaendelea kupata bia na pai.

"Mgao wetu je, bosi?"

"Nawatunzia," alijibu Josias, kwa sauti ileile wateja wake waliyozoea kuitumia.

Sanduku likajaa. Kila alipolitazama, Josias aliona ndani yake nyumba ya wageni ya kununua kule mji wa Norwich, na yeye mlangoni akiitwa mwungwana. Hakutaka kitu kingine duniani. Lakini chumba alichopanga kilikuwa na kitasa cha kuchekesha, na London ilikuwa na wezi, wengine wasiomjua. Akaamua kulipeleka sanduku kwa Thripp, mwenye kasha la chuma. Cobbold na mwenzake ndio waliolibeba.

"Nikuandikie hati?" aliuliza Thripp.

Josias akakataa. Hati ingeorodhesha vyombo, na vyombo vilikuwa na majina ya wenyewe yamechongwa kwenye vitako. Halafu aogope nini? Thripp akitaka kumdhulumu, atahitaji kumi na mmoja, na viapo vya uongo vyote vya mjini anavimiliki Josias mwenyewe. Alitembea hadi nyumbani akipiga mluzi.

Miezi ikapita. Nyumba ya Norwich ikapatikana. Josias akaenda Cheapside.

"Nimefuata sanduku langu."

"Sanduku lipi, bwana?" alisema Thripp kwa upole, kama anayeongea na mgonjwa.

Josias akamshtaki. Thripp akaweka sheria rehani, akapangiwa siku. Siku ilipofika, sonara akaapa bila kukohoa. Kisha mlango ukafunguliwa, wakaingia watu kumi na mmoja wenye makoti ya mtumba yaliyopigwa pasi.

Josias alimshika Cobbold mkono. "Mzee, wewe ndiye uliyelibeba. Mgongo ulikuuma siku mbili."

"Mgongo unajua, bosi. Mimi naamini tu."

"Amewapa nini?"

"Kijiko kijiko kila mtu. Wewe ulikuwa unatutunzia, yeye ametukabidhi."

Wakaapa, mmoja baada ya mwingine, na hawakuwahi kuapa vizuri namna ile.

"Mheshimiwa," Josias alipaza sauti, "watu hawa ni waongo wa kukodiwa."

Jaji akaamka. "Umejuaje?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama, hata wauza glavu. Josias alitupa jicho mlangoni. Nje, sokoni, palikuwa na ubao wa kufungia shingo za wanaokodisha viapo vya uongo, na msumari kwa kila sikio. Alijipapasa sikio moja, halafu la pili. Aliyapenda yote mawili.

"Nimekosea, Mheshimiwa. Sina la kusema."

"Faini, kwa kumsumbua mwungwana."

Lile neno mwungwana lilimwuma kuliko faini. Na faini yenyewe hakuwa nayo, maana kila kitu kilikuwa kwenye sanduku ambalo mahakama imethibitisha halipo. Karani akamsimamia na bakuli. Cobbold akamwonea huruma, akatoa sarafu mfukoni.

"Nikukopeshe, bosi. Utanirudishia lini?"

"Jumamosi, mzee wangu. Haki ya Mungu, naapa."

Kumi na mmoja wote wakatazamana. Cobbold akaufunga mkono wake taratibu, sarafu zikiwa ndani.

"Leta koti kwanza, liwe rehani," akasema. "Na wigi."

Josias akavua.