Upanga wa Mume Wangu

Jumatatu, 3 Juni
...na bado nasema wifi hanitishi. Wiki ya tano ya ndoa. Mume wangu (mume wangu! acha niandike tena) kanunua sehemu ya pili ya gemu lake la mashujaa. Kakaa nalo bega kwa bega na dada yake mpaka chakula kikapoa. Nikaomba pedi ya kuchezea. Wifi akasema nisijisumbue, mambo hayo yana vidole vyake.
Nitajifunza kisiri. Kiti kile cha kando yake ni changu.

Jumanne, 4 Juni
Kipenzi yuko kazini. Nimewasha. Kumbe adui hapigwi ovyo: unabonyeza kitufe cha mraba, mraba, duara, pembetatu, bila kusita, ndipo shujaa anaruka na kushuka na moto. Mimi nikabonyeza vyote kwa pamoja. Shujaa kamwinamia jini kama anawaamkia wakwe. Kafa mara kumi na moja. Kidole gumba kimevimba. Mapenzi haya!

Jumatano, 5 Juni
Nimepiga mfululizo mzima! Shujaa ana mabega ya mume wangu kabisa. Ila nguo matambara, na upanga una kutu. Mume wa mtu hatembei hivyo. Mle ndani kuna mfua vyuma. Nikampa upanga, akanipa joho jekundu. Nikahifadhi gemu hapohapo. Atafurahije!

Alhamisi, 6 Juni
Hakufurahi. Upanga ule ulitoka sehemu ya kwanza ya gemu, akauhamishia hii ya pili, na nikishahifadhi haurudi. Yeye na dada yake waliupigania mwaka mzima, mwaka ule baba yao alipokuwa amelazwa. Hakunigombeza. Alizima runinga, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Nimelia kwenye khanga yangu ya harusi.

Ijumaa, 7 Juni
Wifi kaja. Nikajiandaa kusemwa. Akalitazama joho, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha, mume wangu alipokuwa jikoni, akaninong'oneza:
"Wifi, mimi niliwahi kuutupa upanga ule mtoni, mlemle kwenye gemu. Nilihangaika wiki nzima kuupata. Hajui mpaka leo."
Akatoa kadi yake ya kumbukumbu. Upanga umo tangu sehemu ya kwanza, ila ili uingie lazima gemu hili lianze upya. Mume wangu akasema sawa, na safari hii nikae katikati.

Jumamosi, 8 Juni
Tunapokezana pedi. Vidole vyake juu ya vyangu. Nimekosea makusudi mara nne.
Wifi naye ana gemu hilihili kwake. Nimeona picha: shujaa wake kavaa kofia iliyobonyea, maskini, hana wa kumtunza. Mwanamke mwema vile anastahili zawadi ya kumshtukiza. Nimemwahidi kabla mwezi haujaisha nitamtembelea. Nimemwomba aniachie ufunguo, hata kama atakuwa kazini.