Treni Ilisimama Mombo, Mimi Nikaitika Tu

Leo nimeaibika mbele ya mama yangu mzazi na mbele ya behewa zima. Naandika nikiwa nyumbani Soni, nimejifunika shuka hadi kichwani.

Huu ulikuwa mwaka wa nne sijaja nyumbani. Nashona nguo Dar, na Krismasi ndiyo msimu wa kazi. Kila Krismasi mama huniuliza kwenye simu, "Ester, mwaka huu je?" Nami humwambia mwakani. Safari hii nikafunika cherehani, nikapanda treni ya Arusha, nishuke Mombo alfajiri. Mama akasema atalala kwa mama mdogo pale Mombo ili anipokee mwenyewe stesheni. Mama hapendi Mombo, anasema joto lake linamchemsha. Lakini akashuka mlimani.

Nilikata tiketi ya behewa la vitanda. Kwa ambao hamjawahi kulala kwenye treni: msitegemee usingizi. Kitanda kinakutikisa kama unga kwenye chekeche. Kila kituo mabehewa yanagongana kama yana ugomvi. Dirisha letu lilikataa kufunga, upepo unaingia tu. Mimi nilikuwa kitanda cha juu. Chini yangu alilala bibi mmoja wa Kipare, anakwenda Same. Nikamwamkia, tukagawana chapati. Mhudumu wa behewa akaahidi kumwamsha kila mtu kituo chake.

Sikulala kabisa. (Ndivyo nilivyodhani.) Nilikuwa nawaza nyumbani. Moshi wa jiko la mama. Ukungu wa asubuhi unaokaa kwenye migomba mpaka huoni choo kilipo. Tulipoiacha Korogwe, hata ule upepo wa dirishani ukaanza kuwa mtamu.

Nikaota niko mdogo, mama ananiita nikachote maji. Nikamwitikia kwa adabu, nikavuta shuka. Akaita tena. Nikaitika tena. Miaka yote Dar sijaota ndoto nzuri kama ile.

Nilipofumbua macho jua limeshatoka, na bibi anafunga mizigo yake.

"Shikamoo bibi. Mombo bado?"

"Marahaba. Mombo tumeipita zamani, mwanangu. Hapa tunaingia Same."

"Mhudumu hakuniamsha?"

"Aligonga. Ukamwambia asante."

Nikainuka ghafla, nikajigonga kichwa kwenye dari. Bibi akaendelea kufunga kamba yake bila haraka.

"Halafu akaja mama mmoja amevaa sweta. Anapita dirisha hadi dirisha anaita Ester, Ester. Ukamjibu kwa Kisambaa."

"Nilimjibu nini?"

Dada wa kitanda cha pili, Msambaa mwenzangu, ndiye aliyenijibu. "Ulisema, 'Naja mama, navaa.' Ukarudia. Mama wa watu akasimama kungoja uvae."

"Mimi niko huku chini, sikuoni," bibi akasema. "Nikaamini unavaa kweli. Treni ilipoondoka ndipo nikasikia unakoroma."

Kumbe chumba cha jirani nao walisikia. Walicheka mpaka mhudumu akaja mlangoni kunitazama.

Nikampigia mama huku machozi yananitoka. Nilijiandaa kugombezwa. Hakunigombeza.

"Nilikusikia," akasema. "Sauti ile ile ya utotoni. Na siku zile pia ulikuwa huvai." Kisha akaongeza, "Njoo, mwanangu. Nipo."

Nikalia zaidi. (Bibi akanipa ncha ya kanga yake. Nikaitumia yote.)

Kutoka Same nikapanda basi la kurudi Mombo. Nilipofika stesheni mfanyakazi mmoja aliniona na begi langu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, umeshavaa?" Wenzake wakageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Mama alikuwa kwenye benchi, bado na sweta katika joto lote lile, mapajani ana mfuko wa plamsi, matunda ya kwetu mlimani. Amepungua. Nywele zimekuwa nyeupe na hakuna aliyeniambia. Nikapiga magoti kumwamkia, akanishika uso kwa mikono miwili. Tulipopanda gari la kwenda Soni alinishika mkono kona zote za mlima, na kila gari liliposimama aliukaza.

Naomba mtu asicheke. Mama ameshawachekea nyote, na sasa hivi yuko kwa jirani anasimulia upya.