Kisanduku cha Mapigo na Harusi ya Dada Kokugonza

Nshamba, Bukoba
Machi 1955

Bwana Mhariri,

Shikamoo. Naomba nafasi ndogo gazetini mwako, hata pembeni pa bei ya kahawa, nimshtaki mtu ambaye si mtu. Ni kisanduku cha mbao chenye fimbo ya chuma inayoyumba kulia na kushoto ikilia ko, ko, ko. Mwalimu wetu wa kwaya, Bwana Rugaibula, aliachiwa kisanduku hicho na mmisionari aliyerudi Ulaya, na tangu hapo ndicho kinachotufundisha mapigo ya muziki. Kwa ushauri wa kisanduku hicho nimeondolewa kwenye kwaya, wakati dada yangu Kokugonza anaolewa baada ya Pasaka na kwaya hiyo ndiyo itakayomwimbia. Sina dada mwingine. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kisanduku hakijawahi kuimba hata ubeti mmoja, lakini ndicho kinachotusahihisha. Tunapiga makofi manne, la kwanza kwa nguvu. Yangu ni manne kamili, hakuna aliyewahi kusema nimepunguza. Kosa la makofi yangu ni kwamba hufika kwa wakati yanaoutaka yenyewe. Mwalimu husema, "Aroni, wenzako wako Jumapili, wewe bado uko Ijumaa!" Naye Mujuni, anayesimama karibu nami, huongeza, "Mwache, Mwalimu, huyo ndiye mwangwi wetu." Nashukuru kwa cheo.

2. Tulifundishwa kwamba katika muziki hata kimya huhesabiwa. Nilifurahi mno. Mimi ni mkimya tangu kuzaliwa. Jina langu likiitwa darasani huinua mkono tu. Nikajua hapa sasa nitawashinda wote. Bwana Mhariri, niliambiwa nimechelewa kunyamaza.

3. Bibi yangu Kemilembe hupura maharage na jirani yake, fimbo hii ikipanda ile inashuka, huku wakisengenya kijiji kizima, na hawajagongana hata siku moja. Uani hakuna kisanduku. Kwa hiyo ama bibi anapura kimakosa, na maharage yote tuliyokula ni batili, ama mimi mjukuu wake nimerithi mapigo halali ambayo chombo cha Ulaya hakiyajui. Sioni njia ya tatu.

4. Kama kisanduku ndicho sheria, basi sheria isibague. Mvua ya huku hugonga mabati ya kanisa bila kuhesabu, tena huanza katikati ya wimbo. Mawimbi ya ziwa hufika ufukweni Bukoba kila moja kwa hiari yake. Namwomba Bwana Gavana akitembeze kisanduku nchi nzima, na kila kisichokwenda nacho kiondolewe kama nilivyoondolewa mimi. Itakayobaki ndiyo iitwe Tanganyika. Lakini akiona kazi hiyo ni kubwa, mimi nitatosheka nikirudishwa mstari wa nyuma kabla ya Pasaka.

Wasalimie wapiga chapa wote, na mtambo wenu pia. Nasikia nao hugonga sawasawa, lakini sina ugomvi nao.

Ni mimi, msomaji wako hata wa yale magazeti yanayotufikia yamefungiwa chumvi,

Aroni

Nyongeza: Tafadhali usiichapishe barua hii. Naituma tu kwa sababu bahasha nimekwisha kuibandika stempu. Dada ameisoma, akacheka hadi akakaa chini. Kumbe aliyemwomba Mwalimu aniondoe ni yeye, na Mwalimu akakubali kubeba lawama. Amesema, "Aroni, mdogo wangu, nakupenda, lakini siku hiyo nataka kutembea, si kujikwaa." Badala yake nitamshikia mwavuli hadi mlangoni pa kanisa, kwa mwendo wa bibi harusi wa kwetu, ule ambao hata kuku huupita. Amenikataza kuhesabu, nitazame miguu yake tu. Tumejaribu uani: kivuli niliondoka nacho mimi, yeye akabaki juani. Ananiita turudie.