Dereva wa Bibi Harusi

Jumatatu, 2 Julai 2001

Leo nimekuwa dereva! Mjini, chumba cha nyuma cha duka la Rishi, nyuma ya majora ya vitenge ya baba yake. Ameweka runinga mbili na mashine ya gemu. Wanaume wazima tunakaa juu ya ndoo za rangi.

Maoni yangu kuhusu gemu ya magari: safi sana. Gari jekundu, barabara pana. Hakuna shimo, hakuna ng'ombe, hakuna trafiki wa kuulizia leseni. Ukigonga ukuta, gari linarudishwa barabarani lenyewe, kana kwamba ukuta ndio uliokosea. Nimeshika namba moja. Rishi akasema hajaona mtu anayekata kona kama mimi. Kisha akauliza kama naongeza muda.

Nimeongeza.

Jumanne, 3 Julai

Jumamosi dada yangu Kornelia, mtoto wa baba mdogo Denis, anaolewa. Kutoka Rau kupanda kanisani Uru atakwenda kwa Corolla ya baba yake. Msimamizi wake atakaa naye ndani. Msimamizi ni Zita. Zita!

Na dereva? Sirili. Yule mwenye bucha Kiboriloni, mikono kama magogo, anayepiga honi ya pikapu kila akimwona Zita njiani. Haiwezekani.

Jioni nikapita kwa mama mdogo, mke wa baba mdogo Denis. Nikala mtori wake, nikausifu, halafu nikaguna. Akauliza naguna nini. Nikasema mimi sipendi umbea. Akasogeza kiti. Basi nikasema tu kwamba Sirili siku hizi haamki bila mbege, kabla ya chai ameshalewa. Mama mdogo akafanya ishara ya msalaba. Akauliza sasa nani ataendesha. Nikatazama dari, kwa unyenyekevu.

Alhamisi, 5 Julai

Dari limefanya kazi! Baba mdogo kaniita. Shikamoo, marahaba, eti unajua gari? Anakumbuka nilikuwa utingo wa lori Arusha. Nikajibu kwamba mjini wananijua kwa kona. Si uongo.

Akanipa ufunguo nikalioshe. Nikajifungia ndani kufanya ukaguzi. Usukani upo. Honi ipo. Chini kuna pedeli tatu. Mimi nina miguu miwili. Nani alipanga hesabu hii?

Wasiwasi kidogo. Nikakimbilia kwa Rishi kufanya mazoezi ya mwisho. Nimevunja rekodi yangu mwenyewe. Niko tayari.

Jumamosi, 7 Julai, Saba Saba

Naandika nikiwa nyuma ya banda la ng'ombe. Huku mbele wanacheza.

Tuliondoka vizuri. Tuseme tuliondoka. Gari liliruka kama chura mbele ya wageni wote. Zita akasema, "Kaka Yakobo, toa breki ya mkono." Kaka! Lakini nikaitoa, na gari likapata uhai. Kona ya kwanza nikaikata kama mjini. Nyuma Kornelia alikuwa anasali kwa sauti. Nikaona ni vizuri anajiandaa kwa misa.

Kona ya pili, katikati ya njia, mama mmoja na mzigo wa majani kichwani. Kwa Rishi hawapo hawa! Nikakata usukani. Tukaingia kwenye kihamba cha watu, tukalaza migomba miwili, tukatua kwenye mfereji. Gauni la Kornelia lilikuwa jeupe. Lilikuwa.

Hakuna aliyeumia. Nikakaa, mikono kwenye usukani, nikingoja.

Zita akauliza, "Unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja gari lirudishwe barabarani. Sikumwambia.

Aliyekuja ni Sirili, na pikapu yake, na mapipa ya mbege ya sherehe. Akambeba Kornelia kutoka kwenye tope kama anavyobeba paja la ng'ombe, lakini kwa heshima. Bibi harusi amekwenda kuolewa katikati ya mapipa. Zita akapanda mbele, akamnusa dereva, akanigeukia. "Mbege iko kwenye mapipa tu, kaka Yakobo."

Mama mdogo! Siri haikai kwake hata siku nne.

Nikabaki na mwenye kihamba, Bibi Dominika. Alikuja na panga. Hakuulizia afya yangu, aliulizia migomba. Wa tatu ulikuwa umeinama. Nimeushikilia usianguke mpaka misa imekwisha.

Kwenye sherehe baba mdogo aliwashukuru wapishi, kwaya, hata jenereta. Jina langu halikutajwa.

Jumapili, 8 Julai

Kikao cha ukoo. Hukumu: nitawakatia ng'ombe wa baba mdogo majani mpaka gari lipone. Mama mdogo akataka nirudie maneno yale ya mbege mbele ya Sirili. Nikashikwa na kikohozi. Sirili alinitazama tu, taratibu, kama anayepanga mbuzi atatoa mapande mangapi.

Nimetafakari sana leo. Lawama ni ya gari. Ni la zamani mno.

Jumanne, 10 Julai

Majani nimekata nusu ya mzigo, nikashuka mjini.

Rishi ana gemu mpya. Ngumi na mateke! Maoni yangu: inazidi ile ya magari mara kumi. Hakuna pedeli hata moja. Nilichagua mzee mwembamba mwenye ndevu, nikawalaza wote mmoja mmoja, mpaka lile jitu la mwisho, ambalo kwa mwili linamzidi hata Sirili. Teke la chini mara mbili, unaruka, unashuka na kiwiko. Likaanguka kama gunia.

Nikawaza njia nzima kurudi nyumbani. Mbona ni rahisi?

Nimempelekea Sirili salamu kupitia mteja wake: Jumamosi saa kumi, pale nyuma ya soko la Kiboriloni, aje kama ni mwanaume. Zita naye nimemwalika, akae mbele aone vizuri.

Jibu limefika jioni hii hii, la adabu kuliko nilivyotegemea. Atakuja. Ameuliza tu napendelea nipelekwe hospitali gani.

Ameshaanza kuogopa.