Nimelifuata Gari Langu Columbus, Nimerudi na Basi

Jamani, leo nimeumbuka, tena kwa nauli yangu mwenyewe.

Nestori mnamjua, tulikua naye kambi ya wakimbizi Tanzania. Mwaka jana aliazima gari langu ahamie Columbus. Atalirudisha Jumapili, alisema. (Hakusema Jumapili ipi.) Simu akawa hapokei, na mimi nikawa naomba lifti ya kwenda kazini Shively. Nikamshtaki kwetu Louisville, nikashinda. Hakimu akaamuru gari lirudi. Nikadhani yameisha.

Leo nimepanda basi, hukumu kwenye bahasha, mpaka mahakama ya Columbus. Karani akaitazama.

"Hii ni ya Kentucky. Hapa ni Ohio. Lete nakala yenye mhuri, uisajili kwetu kwanza."

Marekani ni nchi moja, lakini hukumu inataka viza.

Hasira zikanipeleka Hilliard, pembeni mwa Columbus, nyumbani kwake. Gari langu liko nje. Mlangoni viatu vimejaa, ndani wanaimba pambio. Nikasema leo namwaibisha mbele ya wageni wake. Nikaingia, bahasha mkononi.

Mama mmoja Mkongomani akanipokea. "Karibu, papa. Unatoka wapi?"

"Louisville."

"Bon, njo weye umetoka mbali kupita batu bote. Pole na kifo ya mama."

Mama yupi? Nikainua macho nikaona picha mezani. Mama yake Nestori. Nilipofiwa na wangu kule kambini, ndiye aliyenikatia ugali wa wanawe. Amefariki juzi na sikujua. Nililia kama mtoto, mbele ya watu wote.

Nestori akaja kunikumbatia. "Niliogopa kukupigia, kwa sababu ya gari. Lakini nilijua kwa mama utakuja."

Akaipokea bahasha kwa mikono miwili. "Asante, ndugu yangu." Akaitia kwenye kapu la rambirambi. (Nani anatia mkono kwenye kapu la msiba kutoa kitu?)

Kidogo wakahitaji viti kutoka kanisani. Nestori akanipa funguo, haniangalii usoni. Funguo za gari langu! Barabara ya Louisville ilikuwa mbele yangu. Ila kwenye kiti cha mbele kulikuwa na kitenge cha mama kimekunjwa. Humo garini ndimo alimokuwa akipelekwa hospitali. Nililia tena, peke yangu.

Nikarudi na viti.

Wakishazika, Nestori anahamia Buffalo kwa dada yake, na gari hilo ndilo litakalobeba watoto. Huko nako ni New York, wana karani wao.

Sasa niko kituo cha basi. Nina huzuni, na aibu yenyewe bado iko njiani: kesho kamati ya msiba inafungua bahasha zote na kusoma kwa sauti nani katoa nini. Msinicheke. Aliye Columbus, akiona wameifikia yangu, naomba aanzishe pambio, tena refu.